Fainali ya Kumngoja Zebedayo

Nyumbani kwa kina Ombeni, pale Igamba, hindi la kwanza halichomwi mpaka aliyelima shamba awepo. Mama yao hana mzaha na jambo hilo. Mwaka huu mahindi yalikomaa Zebedayo akiwa amelazwa Mbeya, kavunjika mguu baada ya kuteleza juu ya paa, na shamba lile alilima yeye. Basi majirani wakachoma yao, harufu ikaingia hadi ndani, na hakuna aliyethubutu kuvunja hata moja.

Ombeni, mdogo wake, angeweza kujifunza subira kwa mahindi hayo. Lakini yeye alikuwa na kingine cha kungoja, nacho kilikaa mfukoni mwake mchana kutwa.

Ulikuwa mchezo wa simu, ule ambao wewe ni kocha: unasajili, unapanga kikosi, kisha unatazama vijana wako wakihangaika uwanjani. Ndugu hawa walichukua timu ya mkiani kabisa, wakaibatiza Wakulima wa Igamba, na wachezaji wakawapa majina ya watu wa nyumbani. Kipa alikuwa Yesaya, mzee wa kanisa, kwa sababu hata sadaka haimponyoki. Mshambuliaji alikuwa Mbonile, fundi baiskeli, ambaye katika maisha ya kweli hakimbii hata mvua ikimkuta njiani. Timu ikafungwa, ikachekwa, ikapanda daraja kwa taabu, mpaka msimu huu ikatinga fainali ya kombe.

Simu yenye mchezo ilikuwa moja, na Zebedayo aliondoka na kitochi, kile kisimu cha kupigia tu. Wakati wanampakia kwenye gari, alimshika mdogo wake mkono.

"Dogo, fainali usiiguse. Tutaicheza wote."

"Siigusi, kaka. Haki ya Mungu."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Ombeni si la chuma. Alasiri moja mvua ilimfungia bandani, akafungua mchezo atazame kikosi tu. Kutazama kukawa kupanga, kupanga kukawa kubonyeza. Wakulima wakafungwa bao la mapema. Kipindi cha pili akamtoa Mbonile, akamwingiza Samwel wa benchi, waliyempa jina la binamu yao kwa utani, maana hata nyumbani Samwel hufika chakula kikiwa tayari. Samwel akafunga mawili. Mabingwa!

Ombeni aliruka, akajigonga kichwa kwenye boriti, akageuka amkumbatie mtu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jembe la Zebedayo limeegemea ukuta. Furaha ikamkauka mdomoni, akaona aibu ya mtu aliyekutwa jikoni anakula nyama ya wageni.

Jioni Zebedayo akapiga simu. "Hujaigusa?"

"Bado, kaka."

Ili uongo huo upate pa kusimama, Ombeni akaurudisha mchezo pale walipouhifadhi kabla ya fainali. Kombe likafutika. Akajiambia hakuna kilichoharibika: njia ya kushinda anaijua, watashinda tena, kaka atafurahi, yataisha.

Zebedayo akarudi kwa magongo. Mama akaenda mwenyewe shambani, akaja na mahindi, akawasha moto. Ndugu wawili wakakaa jikoni, simu katikati yao. Fainali ikaenda bila bao hadi kipindi cha pili.

"Mtoe Mbonile," Ombeni akasema. "Ingiza Samwel."

"Mbonile yuko vizuri, dogo. Tumwache."

"Niamini, kaka."

Zebedayo akamwamini. Mpira wa kwanza alioupata Samwel akaupoteza, wapinzani wakaondoka nao, wakafunga. Muda ukaisha hivyo hivyo.

Zebedayo akacheka kidogo. "Nuksi ni mimi. Ungecheza mwenyewe, leo tungekuwa mabingwa. Lakini uliningoja. Kule wodini nilijisifu kwa kila mtu: mdogo wangu ana fainali mfukoni na haigusi."

Mama akavunja hindi la kwanza vipande viwili. "Waliongoja wale kwanza," akasema.

Hapo Ombeni akashindwa. "Kaka, niliicheza. Ulipokuwa hospitali. Tulishinda mbili kwa moja. Samwel ndiye aliyefunga."

"Samwel? Samwel huyu tuliyemwona sasa hivi?" Zebedayo akacheka mpaka akaushika mguu wake mbovu. "Haya, nionyeshe kombe."

Ombeni akafungua ukurasa wa makombe ya Wakulima. Ulikuwa mtupu, kama alivyouacha mwenyewe.

"Haki ya Mungu, kaka, nilishinda."

"Mama, unamsikia huyu? Anatunga uongo ili anifariji." Zebedayo akamwangalia mdogo wake kwa upendo ambao Ombeni hakuweza kuutazama, akamsogezea kipande kikubwa. "Kula, dogo. Hiki umekingoja."

Ombeni akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kitamu, naye akakila punje moja moja.