Paka, Mwambie Mkwe Wangu

Tangu niolewe, mama yangu alizungumza na mume wangu kwa kupitia mbwa.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani. Wakionana, macho hupofuka, na Mama hakuwa mwanamke wa kujaribu mambo ili aone itakuwaje. Wapo Wanavajo wenzetu wengi, hapa Marekani, walioiacha mila hii, wanakula meza moja na wakwe zao na kugombania rimoti ya televisheni. Mama alisema hao walilelewa na mbuzi. Yeye akija kwangu alijitanda mtandio usoni na kukohoa tokea mbali, na Leland, mume wangu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyumba yetu ina milango miwili kwa sababu hiyo tu.

Mbwa aliitwa Paka. Jina alipewa na marehemu baba, mtu ambaye utani ulimzidi kimo. Mama alisimama nyuma ya ukuta akasema, "Paka, mwambie huyo wa Ranelda kuni zimekwisha." Leland akajibu kutoka ndani, "Paka, mwambie Mama kesho asubuhi nazileta." Paka mwenyewe kalala, hana habari. Sijaona mbwa aliyetumwa vile na asipate hata mfupa wa ziada.

Huyo wa Ranelda, ndilo jina alilompa Leland. Anatoka mbali, upande wa milima ya Chuska, na kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Alikuja na begi moja na tandiko la farasi, na alichokitaka ni kitu kimoja: Mama amhesabu kuwa wake. Alichimba mashimo ya nguzo kwenye mwamba, akateka maji, akanyoa kondoo, na bado akaitwa huyo wa Ranelda. Mpaka mwezi wa tatu mwaka huu, theluji ilipowakuta kondoo wakizaa, akalala zizini na wanakondoo wawili ndani ya koti. Asubuhi Mama akasimama nyuma ya ukuta. "Paka," akasema, "mwambie mkwe wangu aje anywe kahawa, mimi nishatoka."

Leland aliinywa ile kahawa huku analia. Sikumcheka siku ile. Nilimcheka baadaye.

Kazi ya Leland ni kuwaongoza watalii, na njia anayowapitishia ni ya Mama pia, kwa maana inapita kwenye malisho yake. Ni matembezi ya siku moja: asubuhi anawaingiza kwenye korongo jekundu, mahali pengine jembamba hata mtu apite ubavu ubavu, na alasiri wanatokea chini, ninapowangoja na gari. Katikati ipo ngazi moja ya chuma ya kupandia juu. Zaidi ya hapo ni kuta tu.

Siku moja ya Agosti wageni walikuwa wanne, na mmoja wao, bwana mnene aitwaye Craig, alikuwa hodari wa mzaha. Mwingine ni Paula, mama mtulivu, ambaye ndiye aliyenisimulia nusu ya haya. Nusu nyingine nilimkamua mume wangu kama anayekamua mbuzi mkaidi.

Walikuwa wameipita ngazi kidogo. Juu yao mbingu ilikuwa ukanda wa buluu, safi kabisa. Lakini Mama, aliyekuwa juu na mbuzi wake, aliona wingu jeusi limekaa kule uwanda wa juu, mbali sana, huko maji ya korongo yanakotoka. Akaja mpaka kwenye ngazi, akajifunika uso, akaita.

"Paka! Mwambie mkwe wangu awarudishe watu wake! Awarudishe sasa hivi!"

Hakutaja maji. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakutaja maji, akaniambia alidhani neno lake linatosha.

Leland alisikia. Ila wiki nzima Mama alikuwa akilalamika kwamba wageni wanawatisha kondoo, naye akadhani ni wimbo ule ule. Craig akainua kichwa, akamwona mwanamke aliyejifunika uso akimpigia mbwa kelele, akacheka. "Nani huyo anayegombana na mbwa?"

Sasa, mwaka jana Leland aliwaeleza wageni fulani habari hii ya mila, na mmoja akapanda ngazi mbio kwenda kumpiga picha Mama, akitaka autoe mtandio. Kwa hiyo sababu alikuwa nayo. Nasema hivi kwa kuwa ni mume wangu na nampenda. Lakini angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni mtu wa hapa, tuendelee. Alisema, kwa Kiingereza, "Simjui. Kibibi tu na mbuzi wake." Kisha, kwa vile wote walikuwa wanacheka na yeye akataka kucheka nao, akazungusha kidole karibu na sikio. "Akili zimemruka."

Korongo halina siri. Ukikohoa chini, aliye juu anakwambia pole. Na Mama alichukuliwa utotoni kwenda shule ya bweni, huko wakamtia Kiingereza kwa bakora. Anakijua chote. Kutokukisema ni hiari yake.



Hawakwenda mbali. Leland alipigwa na upepo wa baridi usoni, wenye harufu ya udongo uliolowa, na vijiti vikaanza kuviringika juu ya mchanga mkavu. Hapo akaelewa kwamba mafuriko yanakuja, na akaelewa pia alichokuwa ameambiwa. Akawageuza watu, akawakimbiza kwenye ngazi.

Mama alikuwa bado yupo. Angeweza kwenda zake. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo, uso umefungwa, maana ngazi ile haifiki juu kabisa na kila apandaye lazima avutwe. Alimvuta Paula, akamvuta Craig na unene wake wote, akawavuta wale wawili. Leland alikuwa wa mwisho. Maji mekundu yalimfika kiunoni, gogo likampiga mguu, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja. Mama alihitaji mikono yake yote miwili. Mtandio ukadondoka, ukaenda na maji.

Leland akafumba macho.

"Fumbua," Mama akamwambia. "Nipe mkono wa pili, bwana."

Alipofika juu akamwona: mwanamke mfupi, kidevu kama changu, mashavu yamelowa tope. Paula alikuwa analia, anataka kumkumbatia. "Anaitwa nani?" akamuuliza Leland. "Mwambie tunamshukuru. Ni nani huyu?"

"Mama mkwe wangu," Leland akasema.

Craig alitazama viatu vyake. Mama alikamua sketi yake, akamwita mbwa, akaondoka.

Leland alinijia kwenye gari anachechemea. "Tumeonana," akasema. Nikadhani anaogopa upofu. Nikaenda mbio kwa Mama, nikamkuta anapika mchuzi wa kondoo, mtulivu.

"Macho yako, Mama?"

"Mazima. Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Akaonja mchuzi. Kisha akanirudishia yale maneno kwa Kiingereza kilekile, neno kwa neno, hata kidole akakizungusha.

Kwetu tusi kubwa kuliko yote ni kumwambia mtu anaishi kama hana jamaa. Nilisimama pale jikoni kwa mama yangu, nikaona aibu ya kuwa na mume na aibu ya kuwa na masikio.

Kesho yake asubuhi Paula alikuja na kikapu cha matunda kutoa shukrani. Tulikuwa mezani, nikimweleza mila yetu, mlango wa nyuma na mengineyo, ndipo Mama akaingia na Paka. Hakukohoa tokea mbali. Hakujitanda kitu. Leland akaruka kuuelekea mlango wa nyuma.

"Kaa tu, bwana," Mama akamwambia.

Akavuta kiti mkabala naye. Akamtazama usoni, vizuri, kama unavyomtazama mtu wa kituo cha mafuta. Akamuuliza mguu unaendeleaje. Akamwambia njia aendelee kuipita na wageni wake, mpita njia hakatazwi njia. Sauti yake ilikuwa ya upole.

Paula alinishika mkono chini ya meza. "Afadhali," akaninong'oneza. "Sasa wanaweza kuonana." Sikuwa na mdomo wa kumwambia kwamba kwetu asiyefichwa uso ni mtu baki.

Leland alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa chini, anaongea na mbwa. "Paka," akasema. "Paka, tafadhali, mwambie Mama..."

"Mbwa hasikii maneno ya watu, bwana," Mama akasema. "Niambie mwenyewe."

Leland aliendelea kumtazama Paka, naye Paka alikuwa amelala.