Mwaka wa Kumi na Saba

Kabla ya Agosti ya 2024 sikuwa nimewahi kuona aibu jukwaani. Mtaani kwetu Walukuba, mjini Jinja, wananijua. Jina langu ni Wamboga, wasanii wenzangu wananiita Kisu, na hakuna mtu aliyenifundisha kupanga vina. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole njiani kwenda kubeba magunia kiwandani. Simwimbii mtu mapenzi wala sina kiitikio cha kubembeleza. Napiga mistari thelathini kwa pumzi chache, kwa Kiswahili, na Kisoga kidogo pale panapohitaji tusi. Wengine husema Kiswahili changu kinasikika kama amri ya jeshi. Huwa nawajibu: basi simama wima.

Wimbo ulionipa jina ni "Ua wa Baba". Shafik, anayenitengenezea midundo, aliurekodi chumbani kwake, kuta zimebandikwa trei za mayai, na mdundo wote akaujenga kwa kengele na ngoma za Kimasaba. Baba yangu alikuwa Mmasaba wa Busiu, kwenye barabara ya Mbale na Tororo. Alifariki nikiwa na miaka minne, na mama, ambaye ni Msoga, akanirudisha Jinja. Katika wimbo nasimulia nilivyotahiriwa kwa desturi ya imbalu: nimesimama uani, bila ganzi, mamia ya watu wakinikodolea macho waone kama nitatikisika.

"Mwaka wa kumi na saba, kwenye ua wa baba,
kisu kilipokuja, hofu yangu ilikuwa haba."

Ni uongo. Nilitahiriwa kwenye zahanati moja ya Bugembe, nimelala chali, mama amenishika mkono. Nililia kwa ile sindano ya ganzi, kabla hata hawajaanza. Kwa Wamasaba, aliyelala hahesabiki pamoja na waliosimama, na mimi nilitaka kuhesabika. Huo mwaka wenyewe, 2017, niliuchagua kwa sababu saba inaendana na baba. Jinja nzima waliurudia mstari huo na hakuna aliyeuliza kitu.

Kisha baba mdogo Enos akanipigia simu. Ni mdogo wake baba, amekuwa askari magereza miaka thelathini, na Busiu akisema jambo watu huacha kubishana. Hakuwa amenitafuta tangu utotoni.

"Mwanangu Bramwel anasimama mwaka huu," alisema. "Anaucheza wimbo wako kutwa. Njoo uimbe hapa kwenu."

Kwenu. Neno hilo nilitembea nalo wiki nzima.

Tulifika mimi na Shafik siku moja kabla ya kisu. Barabara ilikuwa imejaa vijana wa kutahiriwa, nyuso zimepakwa unga, kengele mapajani, ndugu wakicheza nyuma yao. Bramwel alinirukia na kengele zake zote.

"Kaka! Kesho simama mbele yangu. Nitakuangalia wewe tu."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini?

Amir, mfanyabiashara mwenye vipaza sauti, alinikaribisha jukwaani saa kumi. Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye ule mstari, mzee mmoja mbele akainua mkono kama mwanafunzi. Amir akakata mdundo, akanigeukia.

"Ngoja, Kisu. Umesema mwaka gani?"

"Kumi na saba."

Amir alitazama umati, akaanza kucheka. "Jamani, imbalu ni kumi na nne, kumi na sita, kumi na nane. Kumi na saba tulikata nani? Mbuzi?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana.

"Huyo ni wa daktari!" mwanamke akapiga kelele. "Alilala kitandani!"

"Walimpa na soda!"

"Shuka, wewe! Rudi Jinja kwa mama yako!"

Kila mtoto wa Busiu anajua kwamba imbalu huruka mwaka, hufanywa miaka ya shufwa tu. Mimi, mwenye wimbo, sikujua. Nilimtafuta Shafik kwa macho, naye alikuwa anatazama waya zake.

Ndipo baba mdogo alipopanda jukwaani, taratibu, akachukua kipaza sauti.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Alisimama kumi na sita. Nilikuwepo. Mwaka amekosea kwa ajili ya wimbo."

Kelele zikaisha. Amir akasema, "Samahani, afande." Baba mdogo akanirudishia kipaza sauti, akaningoja. Nilikuwa na nafasi hapo. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na watu wote kimya.

"Ndiyo," nikasema. "Kumi na sita."

Niliimba hadi mwisho. Sita haikuendana na chochote, nikajikwaa, na bado wakanipigia makofi.

Asubuhi nilisimama mbele ya Bramwel uani. Aliweka fimbo mabegani, akaishika kwa mikono miwili, akanikazia macho. Mtahiri alipoinama, yeye hakutikisika hata ukope. Mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua filimbi zilikuwa zinalia, wanawake wanapiga vigelegele, na Bramwel alikuwa bado ananitazama, lakini kwa namna nyingine.

Walimkalisha kwenye kigoda na kumfunika shuka. Nikainama kumpongeza.

"Ulifumba macho," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Wewe hukusimama."

"Sikusimama. Ilikuwa zahanati."

Aligeuza uso. Unga ulikuwa umeanza kupasuka kwenye shavu lake. "Mimi nilijishikiza kwako," akasema. "Niache kwanza."

Nilimkuta baba mdogo nyuma ya nyumba, akigawa mirija ya kunywea pombe ya ulezi.

"Baba mdogo, nipe nafasi niseme ukweli mbele ya watu."

"Ukweli gani?"

"Unaujua."

"Nimeujua tangu siku ya kwanza kusikia huo wimbo. Nilidhani utakuwa na akili ya kuuacha mstari ule ukifika hapa." Hakupandisha sauti. "Sasa utawaambia nini? Kwamba Enos ni mwongo? Siku ya mtoto wangu?"

"Hapana."

"Basi shika chungu hicho."

Nilikibeba kwa mikono miwili. Uani, wanaume waliosimama mwaka wa kumi na sita walikuwa wameketi pamoja kukizunguka chungu chao. Mmoja wao akasogea kunipa nafasi, akaniita kwa jina la rika lao, jina ambalo hupewa waliosimama mwaka mmoja. Wote wakageuka kunitazama, wakitabasamu.

Nikaitika.