Kiwanja Alichokisafisha Ignace

Ignace alikuwa mtu wa usafi, na usafi huohuo ndio uliomponza. Wakubwa wa parc, yaani hifadhi ya taifa, walipomkabidhi lile eneo la kale lililo ndani ya msitu, juu ya mji wa Bukavu, mahali palipokuwa kijiji kabla watu hawajahamishwa, alikaa na vibarua siku tatu: fyeka, ng'oa, fagia! Wanafunzi waje wasome historia mahali penye adabu. Vibao vitatu vikasimamishwa, mafiga ya zamani yakazungushiwa kamba. Ile mimea ya majani marefu iliyoonekana kama imejiotea ovyo upande wa juu ikang'olewa yote, ikachomwa moto. Kiwanja kikang'aa, na Ignace akakipiga picha.

Jumanne iliyofuata akapanda huko na koko Madeleine, bibi wa miaka themanini na ushee kutoka mtaa wa Kasha. Alizaliwa katika kijiji kile, na ndiye aliyeitwa asimulie ili maneno yake yaandikwe kwenye kibao cha nne. Nyumba ya baba yake aliionyesha bila kusita. Njia ya kisimani vilevile. Kisha akapanda upande wa juu, akasimama, akageuka huku, akageuka kule.

"Papa Ignace, ile miti yetu iko wapi?"

"Miti gani, koko?"

"Ile ya majani murefu. Siye hatukukuwa na misalaba ya ciment. Mutu akikufa, tunapanda ile kwa kichwa yake. Haikaukaka. Ya mama yangu ilikuwa ya mbili kutoka kwa njia."

Ignace akaelewa alichokichoma. Mtoto wa mjini huyu, mwenye diplome ya historia, hakuwahi kumwuliza mtu hata mmoja mimea ile ilikuwa ya nini. Na koko alikuwepo Kasha siku zote hizo! Angemwita kabla ya panga, si baada. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Camille, mlinzi mwenzake aliyepanda nao, akamvuta shati. "Umuonyeshe popote," akanong'ona. "Atajua namna gani?"

Na Ignace, Mungu amsamehe, akanyoosha kidole. "Ni hapa, koko. Muti ilikauka."

"Ilikauka?" Koko alimtazama kidogo, akaamini. Angeachaje kumwamini mtu wa parc, mwenye kofia na makaratasi? Akapiga magoti palepale. "Mama, ni miye Mado. Nilikawia, balitukataza kuingia." Akaanza kumpa mama yake habari za nyumbani: Aimée aliolewa, Edouard alikufa, Larissa anasoma université. Masikini, alikuwa anaongea na udongo mtupu. Kila jina lilimchoma Ignace. La kwanza alivumilia, la pili akauma meno, la tatu likamshinda.

"Koko, simama. Nilikudanganya. Sijue iko wapi. Ni miye niling'olesha miti yote. Nilifikiri ni majani ya bure."

Camille akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Yote?" koko akauliza.

"Yote, koko."

"Ilikuwa ngapi?"

Hakujua. Alijua idadi ya vibao, ya mafiga, ya wageni wa mwezi mzima, lakini ile hakuihesabu. Heri angetukanwa.

Koko akajinyanyua kwa taabu, akaukataa mkono wake. Akatoa mkobani kichupa cha kasiksi, pombe ya ndizi aliyomtengenezea mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kuimwaga kiwanjani, tone hapa, tone pale, maana hakujua tena mama yake amelala chini ya hatua ipi. Kichupa kikaisha hata robo ya kiwanja hajaifikia. Ignace alimfuata nyuma analia wazi, mtu mzima na kofia yake.

"Kiwanja iko na metre ngapi?" koko akauliza bila kugeuka.

"Makumi ine kwa makumi sita, koko."

"Bon. Nitarudia na bidon muzima ya kasiksi."

"Nitaibeba miye."

"Hapana. Ile siku uite banafunzi. Utasimama mbele yao, ubaambie ju ya nini koko iko namwaga pombe kila fasi."