Antena na Sikio la Mfalme

Nchi ya Matopeni ilikuwa na sheria tele, lakini iliyoheshimiwa ni moja tu: ndani ya ua wa ikulu, kitu chochote kisizidi kimo cha sikio la Mfalme Kiboko. Migomba ikafyekwa. Twiga wakahama bila kuaga. Na kwa kuwa Mfalme alitaka habari za mpakani zimfikie yeye kwanza, redio ya jeshi nayo iliwekwa humo humo uani, antena yake imelazwa chini kama mwiko uliosahaulika.

Kwa siku kumi na moja redio hiyo haikuleta neno kutoka Kivukoni, ambako nyumbu vijana arobaini walilinda mto dhidi ya fisi. Nguchiro, Waziri wa Adabu, aliliambia baraza kwamba kimya hicho ndicho ushahidi wa amani. Wajumbe wakapiga makofi. Ningekuwepo ningepiga pia, maana siku hizo aliyechelewa kupiga makofi alikuwa na maelezo ya kutoa.

Kapteni Nungunungu, mkuu wa mawasiliano, hakupiga.

"Mtukufu," alisema, "antena hii ina vipande vitatu vya kuchomekana. Ikisimama yote, tutawasikia vijana. Ikilala hivi, inanasa walinzi wa jikoni tu."

"Wanasemaje?" Mfalme aliuliza kwa shauku.

"Maharage yameungua, Mtukufu."

Nguchiro akainuka, kidogo tu, kwa adabu. "Tumsamehe Kapteni. Mwenye miiba mgongoni hudhani kila kitu lazima kisimame. Leo antena, kesho raia!"

Baraza likaangua kicheko.

"Wale ni watoto wa watu," Nungunungu alisema. "Kama wako hai, wanatuita. Nataka niwajibu."

Mfalme hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mzito tu, wa mwili na wa mambo. Akatoa suluhisho: antena ikipanda, naye apande. Ikaletwa meza ya baraza, akapandishwa, na kipande cha kwanza kikachomekwa. Redio ikakoroma. Ikaja meza ya pili, na kipande cha pili. Meza ya tatu ilitoka chumba cha kulia ikiwa bado na mchuzi. Wapagazi wanane, nyumbu wazee, walishikilia miguu ya meza hizo huku jasho likiwatiririka, na Nguchiro akizunguka na kamba kuhakikisha antena haijalipita sikio.

Kipande cha tatu kilipoingia, sauti ikatoka.

"Ngome, Ngome, hapa Kivukoni! Jamani, kuna mtu? Tunaita siku ya kumi na moja. Fisi wameshavuka pande zote mbili. Njia imebaki moja. Tunaomba amri ya kurudi!"

Nungunungu alilia pale pale, bila aibu. "Kivukoni, nawapata. Subirini." Akainua macho. "Mtukufu, neno moja tu."

Mfalme alijikohoza. Aliutazama ua wake kutoka juu, akaupenda.

"Waulize kwanza," alisema, "antena yao huko imesimama kimo gani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Nguchiro aliacha kupima.

Nungunungu akabonyeza kitufe. "Kivukoni, rudini nyumbani. Sasa hivi."

"Amri ya nani, Kapteni?"

"Yangu."

"Mkamateni!" Mfalme alinguruma, na meza zote tatu zikayumba.

Lakini wa kumkamata walikuwa na kazi ya kushikilia meza, na mmoja wao alikuwa ameitambua sauti ya redioni: ni Koplo Mbarika, mwanawe wa mwisho. Wenzake wakamtazama usoni, wakaelewa. Basi bila kelele, na bila azimio la baraza, wote wanane wakaachia.

Redio ikakoroma tena. "Kapteni, nimesikia kishindo. Mmeshambuliwa?"

"Hapana, Koplo. Ni mambo ya ikulu tu. Njooni. Baba yako yuko hapa, anakusikia."