Gari Jeupe Nyuma ya Zizi

Huku kwa Wampondo, pwani ya Afrika Kusini, mjane hasimami kusema mbele za watu kabla hajavua nguo nyeusi. Kwa hiyo Nozuko alikaa sakafuni karibu na mlango wa kanisa, kinywa amekifunga, akaiachia filamu yake kazi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, na nje jenereta ilikohoa. Kijiji kizima cha Mhlwazini kilikuja, maana nani hapendi kujiona ukutani?

Kushika kamera alifundishwa na vijana wa shirika moja, yeye na akina mama wenzake, ili kijiji kijisimulie chenyewe kwa nini kinaukataa mgodi wa mchanga. Mumewe, Zolile, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, mbishi asiyenunulika. Watu wawili wenye gari jeupe walijifanya polisi, wakampiga risasi mlangoni kwake. Hakukamatwa mtu. Uenyekiti akaurithi mdogo wake, Bandile, na kesho Bandile huyo huyo angekwenda mjini kuukubali mgodi kwa niaba ya wote. Nozuko alitaka kwanza waione filamu hii.

Basi Zolile akatokea ukutani, anatengeneza ua wa zizi, anaongea huku misumari iko mdomoni.

"Wao wanaona mchanga. Mimi namwona baba yangu amelala humu, na hapendi kelele."

Watu wakacheka, wengine wakajifuta macho. "Jamaa alikuwa na maneno huyu," mtu akasema gizani.

Kisha nyuma ya bega lake, ng'ambo ya zizi, likaonekana gari jeupe. Bandile ameegemea mlango wake, anaongea na watu wawili, mkono ameunyoosha kuelekea nyumba ya kaka yake. Ilikuwa mchana wa siku ile ile aliyouawa. Nozuko hakuwaona wakati ule, macho yake yote yalikuwa kwa mumewe. Aliwaona baadaye, alipokuwa akiunganisha picha. Sasa aliifanya picha isimame hapo, mkono ule ukabaki ukutani.

Akageuka kuwatazama watu. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa viti kurushwa, hata kwa damu. Hakuna aliyeshtuka. Wazee walitazama viatu vyao. Mama mmoja alimpakata mwanawe upya. Ndipo Nozuko alipoelewa kwamba walikuwa wanajua, wote, tangu siku ya msiba walipomletea vyakula na kumshika mabega. Akawachukia mmoja mmoja.

Bandile ndiye aliyeinuka wa kwanza, akajinyoosha.

"Unapiga picha vizuri, shemeji. Ila hapo mwisho imeganda. Vijana wa shirika wakurekebishie."

Watu wakatoka kwenda kunywa chai. Alibaki MaJola, mama mkwe wake, akitafuta fimbo yake chini ya benchi. Hapo Nozuko akafungua kinywa.

"Mama, na wewe ulijua?"

"Nilijua kabla hatujamzika."

"Na ukanyamaza? Mwanao, mama. Ukakaa na mimi kwenye mkeka ukanyamaza?"

MaJola aliipata fimbo, akasimama kwa shida. Hakulia. Pengine alikuwa ameshamaliza.

"Nilizaa wawili, mwanangu. Mmoja umemzika wewe. Huyu aliyebaki unataka nimpeleke wapi?"

Nje Bandile akaita, "Mama, njoo, chai inapoa."

"Nakuja, baba," akajibu, na akaenda.