Asiye na Herufi Nyuma ya Sikio

Niliota usiku wa jana kwamba glavu mbili nyeupe, zisizo na mikono ndani, zimenishika mbavuni na kuninyanyua.

"Usoni haguswi," ilionya ya kushoto. "Hushikwa ukingoni tu."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Ndiyo niliyomfokea mke wangu, Mwanasiti, juzi, aliposugua kwa majivu na ndimu sarafu yangu ya kuhifadhiwa na kutazamwa tu, inayong'aa kama kioo. Nyingine za aina yake zina herufi ndogo ya kiwanda zilikopigwa. Yangu haina, na uadimu wake ni huo. Kwao Mwanasiti masinia ya shaba husuguliwa hivyo, nayo husifiwa. Sarafu adimu ikisuguliwa imekwisha thamani. Sikumsemesha tena.

Huko ndotoni, ukumbi nilimonyanyuliwa unageuka jiko letu. Mwanasiti yuko mbele yangu kwenye foleni ya kukaguliwa. Lenzi kubwa inamchungulia nyuma ya sikio.

"Herufi ipo," inasema. "Wa kawaida, wako tele. Aende zake."

Zamu yangu. Lenzi inakawia.

"Huyu hana herufi. Adimu."

Nikavimba kichwa. Lakini kizuri hakikosi ila: glavu zilikuwa zimeshaleta kasha la plastiki la kimo changu, lisilo na hata tundu.

"Nitapumuaje?"

"Hewa huharibu rangi," lenzi inanijibu kwa upole.

"Mtanitoa lini?"

"Adimu hatolewi."

Kifuniko kinashuka. Naogopa. Mwanasiti yuko mlangoni, ana ruhusa ya kwenda, na mimi ningekuwa yeye ningekwenda.

Anarudi. Anachota majivu jikoni, anakamua ndimu, ananisugua shavu kama sinia la arusi.

"Vumilia, Baba Zuhura. Itawasha kidogo."

Lenzi inaguna. "Amesuguliwa. Hana thamani tena." Glavu zikaniachia, nikaanguka.

Niliamka nimelowa jasho. Mwanasiti alikuwa amelala, amenipa mgongo kama tangu juzi. Nilitaka kumtazama nyuma ya sikio, nikaogopa. Shavu lilikuwa likiniwasha. Nikalipapasa, na vidole vikarudi na majivu mabichi yanayonukia ndimu.

"Mama Zuhura," nikamwita. "Amka, mwenzio naogopa."