Mpira wa Tatu

Mzee Hebu hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakigusa. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono nje ya dirisha kwanza. Ukimwambia chai ina sukari, anaonja, anakutazama, anaonja tena. Kila neno lake lilianza na "hebu nione", ndiyo jina likamganda, la kuzaliwa likasahaulika. Marehemu mkewe alikuwa akisema hata siku ya harusi bwana huyo aliuliza mara mbili kama bi harusi ni yuleyule waliyekubaliana.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye alikuwa na katapila. Si lile kubwa la kuchongea barabara, hapana. Lake lilikuwa dogo, linatembelea mikanda ya mpira, kibanda chake ukiingia magoti yanagusana na vyuma na kutoka ni lazima ugeuke kama mtu anayevua shati la kubana. Alilinunua likiwa limeshazeeka, akazeeka nalo. Uzuri wake ni kwamba mbele unalifungia chombo unachotaka: leo ndoo ya kuzolea mchanga, kesho uma wa kubebea mizigo. Na kama chombo chenyewe kina kazi ya kuzunguka, unachomeka mipira ya mafuta kutoka kwenye katapila, mafuta yanakwenda kwa nguvu kukizungusha, halafu yanarudi tankini.

Sasa bintiye, huyo mmoja tu aliyenaye, alikuwa ameolewa nyumba ya juu mlimani, na ana mimba ya miezi minane. Mumewe yuko kazini mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Maji yako chini barabarani. Kila siku binti anapanda na ndoo, mkono mmoja kichwani, mmoja kiunoni, na nesi alishamwambia wazi: ukiendelea hivi huyu mtoto hatangoja siku zake. Hilo neno lilimkaa Mzee Hebu kooni kama mfupa.

Na bahati ikaja. Mafundi bomba walikuwa wanapita na bomba jipya barabarani, na tangazo likasema anayetaka maji nyumbani achimbe mtaro wake mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni. Alhamisi watalaza mabomba. Alhamisi saa kumi gari linaondoka, na halirudi mwaka huu.

Hatua mia tatu za mlima wenye changarawe, kuchimba kwa siku nne. Kwa jembe? Labda jembe la malaika.

Lakini mkwe wake, baba wa mume wa binti, anayekaa ua mmoja na binti huko mlimani, alikuwa na dawa. Huyu mkwe alikuwa fundi wa kuchomelea, amestaafu lakini mikono haijastaafu, na kwenye mnada mmoja alijinunulia msumeno wa mitaro. Ni mnyororo mrefu wenye meno, unaushusha ardhini, unazunguka na kutapika udongo pembeni. Msumeno anao, katapila hana. Mzee Hebu katapila analo, msumeno hana. Mungu akupe nini tena?

"Ila sharti moja, mkwe," fundi akasema Jumatatu asubuhi. "Msumeno wangu haulali ugenini. Jioni unaufungua, unabaki hapa uani kwangu, wewe unakwenda na katapila lako."

Mzee Hebu akasema sawa, lakini moyoni akauliza: kwani usiku msumeno una kazi gani?

Wakaanza kufunga. Akalisogeza katapila mpaka bamba la mbele likakaa kwenye mashikio ya msumeno, akashuka, akasukuma mikono miwili ya kufungia mpaka pini zikatokeza chini. Fundi akainama akazigusa zote mbili. Hilo Mzee Hebu alilipenda. Mtu anayegusa ni mtu.

"Zima injini," fundi akasema. "Sasa chezesha huo mkono, kushoto, kulia, presha itoke kwenye mipira. Mashine za siku hizi zina kitufe chake. Hii ya kwako, mkwe, lazima uibembeleze."

"Nimelibembeleza miaka kumi na moja. Usinifundishe mke wangu."

Fundi akacheka, akafuta vichwa vya mipira kwa kitambaa safi, dume na jike, akasukuma. Ka! Mpira wa kwanza. Ka! Wa pili. Miwili minene: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Hapo Mzee Hebu alijua kazi imekwisha, akawa anapanda kibandani.

"Bado," fundi akasema. "Kuna wa tatu."

Na kweli, kwenye msumeno ulining'inia mpira mwingine, mwembamba kama kidole cha mwisho. Kwenye katapila hapakuwa na mahali pake. Fundi hakujali. Akatoa mfukoni kifuniko cha tanki la mafuta alichokitoboa na kukichomelea kichwa usiku uliopita, akafungua kifuniko cha Mzee Hebu, akaweka cha kwake.

"Umenitobolea tanki?"

"Kifuniko, mkwe. Na si chako, cha kwangu."

"Huo mpira wa nini? Kinachokwenda kina njia, kinachorudi kina njia. Huu wa tatu unakwenda wapi?"

"Unarudisha tankini yanayovuja ndani ya mota inayozungusha mnyororo. Twende kazi, jua linapanda."

Jibu lilikuwa fupi. Na Mzee Hebu hakuwahi kuamini jibu fupi. Mpira hauna macho wala mshale, utajuaje unaelekea upande gani? Mrija kwenye dafu nao ni mwembamba.

Kazi ikaenda lakini. Msumeno ukaunguruma, mtaro ukapanda mlima kama nyoka, na binti akasimama mlangoni anapiga makofi. Jioni wakafungua kila kitu, Mzee Hebu akaenda kwake na katapila. Kabla ya kula, kabla ya kunawa, akachukua msumari akaenda kwenye kile kioo kidogo pembeni ya tanki kinachoonyesha mafuta yamefika wapi. Yalikuwa yamepungua upana wa kidole. Akakwaruza alama.

Haya, mafuta si lazima yajaze mota na mipira? Alijiambia hivyo. Chombo kikavu kikifungwa kinakunywa kwanza. Jumanne hakitakunywa, kimeshashiba.

Jumanne jioni yakapungua kidole kingine.

Alikaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa akikitazama kioo kama mtu anayetazama saa ya hospitali. Alipapasa chini ya katapila kwa viganja: kukavu. Alipitisha karatasi kwenye kila kiungo: kavu. Mafuta hayakuvuja. Basi yamekwenda. Na yakienda, yanakwenda kwa nani? Usiku ule alimkumbuka mkwe kila namna. Alikumbuka anavyocheka kabla mzaha haujaisha. Alikumbuka kwenye harusi ya watoto alivyofunga mlango wa stoo kwa kufuli akiwa anazungumza. Mtu akishatiwa shaka, hata chafya yake ni ushahidi.

Jumatano saa sita, fundi alipokwenda kunywa maji, Mzee Hebu akamwita bintiye pembeni.

"Mwanangu, jioni nikiondoka, baba mkwe wako anafanya nini?"

"Anakaa, baba. Anasikiliza redio."

"Na kule kwenye msumeno?"

Binti akafikiri. Hakuwa mtoto wa kusema uongo, hata pale uongo ungesaidia. "Anauchuchumalia kidogo. Ana dumu."

"Dumu!"

"Baba, taratibu. Sijui dumu la nini."

Kwani dumu lina kazi ngapi? Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Mzee Hebu kilikuwa na dumu. Jioni ile kidole cha tatu kikapungua, na pampu ikawa inalia sauti ya mbu unapoinua mikono ya katapila. Lakini aseme nini? Akigombana na mkwe leo, kesho msumeno utafungiwa stoo, mtaro utabaki njiani, na binti atarudi kwenye ndoo. Akaamua kunyamaza na kufunga njia ya mwizi kimyakimya.

Alhamisi asubuhi zilibaki hatua themanini. Fundi akafunga mipira yote mitatu mwenyewe kama kawaida yake, akafuta, ka, ka, na ule mwembamba ka. Halafu akaitwa barabarani, mafundi bomba wamefika wanauliza njia. Mzee Hebu akatazama kulia, akatazama kushoto. Akashika kile kichwa chembamba, akavuta pete ya kufungia, akakirudisha nyuma nusu. Vichwa hivi vikiwa nusu vinajifunga vyenyewe. Ukikitazama kwa mbali utasema kimeingia, kumbe hakipitishi hata tone.

"Nyonya sasa," akanong'ona, akapanda.

Wakaanza. Hatua sabini. Hamsini. Mafundi bomba wanakuja nyuma wanalaza bomba palepale, udongo bado una joto la msumeno. Hatua thelathini, Mzee Hebu anatabasamu. Ishirini. Kwenye hatua kumi na tano kukatokea mlio kama kizibo cha soda, na mota ikatapika. Mafuta yakaruka juu, yakamwagika kwenye meno ya mnyororo, na msumeno ukasimama ukitetemeka kama mbuzi aliyepigwa na mvua.

"Zima! Zima!" fundi akapiga kelele.

Kimya. Fundi akazunguka, akatazama mota, akafuata mipira kwa mkono, mmoja, wa pili, wa tatu. Akasimama. Akakibonyeza kile kichwa. Ka.

"Hakikuingia," akasema polepole. "Nimekifunga mwenyewe asubuhi, kwa mikono hii, na hakikuingia." Akaketi kwenye kichuguu cha udongo, akavua kofia. "Uzee, mkwe. Mafuta yamekosa pa kurudia, yamejaa ndani ya mota mpaka yamepasua sili inayoyazuia. Msumeno wangu nimeuua mwenyewe. Na mtoto wa watu nimemnyima maji."

Mzee Hebu alikuwa bado kibandani. Angeweza kunyamaza. Neno moja halikuhitajika, mwenzake alikuwa amejihukumu peke yake. Alitazama magoti yake.

"Baba," binti akaita.

Wazee wote wawili wakageuka.

"Baba yangu wa kunizaa." Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro, mkono kiunoni. "Kitu kimepasuka mbele yako. Mbona hujashuka? Mbona hujasema hebu nione?"

Mzee Hebu akachomoa ufunguo. Akatoka kwenye kile kibanda kwa shida, akasimama chini.

"Nimekilegeza mimi."

Fundi akanyanyua kichwa. "Nini?"

"Nimekilegeza! Kwa sababu unaniibia mafuta, mkwe! Kidole kimoja kila siku, nimeweka alama. Na dumu lako linajulikana!"

"Mimi? Mafuta yako?" Fundi akasimama, na alikuwa mrefu kuliko alivyokumbukwa. "Yale matope? Nani aibe matope?" Akaenda kwenye tanki, akafungua kifuniko, akachovya kidole, akamletea mkwewe puani. Kidole kilitoka cheusi, na juani kikamemeta vumbi la chuma. "Hebu ona basi, si ndiyo kazi yako? Lini umebadilisha chujio?"

"Chujio gani?"

Mmoja wa mafundi bomba akakohoa kuficha kicheko.

"Kila jioni nautapisha msumeno wangu sumu yako usilale nayo tumboni," fundi akasema. "Namwagia nguzo za banda la mbuzi, mchwa wasizile. Nilinyamaza kwa heshima. Ningekwambiaje, mkwe, mafuta yako machafu?"

"Na asubuhi unaujaza tena kutoka wapi?"

Fundi akatazama katapila. Akatazama msumeno. "Hilo," akasema, "sikulifikiria."

"Aha! Kwa hiyo yameibwa!"

"Hayakuibwa, yalimwagwa!"

"Bila ruhusa!"

"Na sili yangu imepasuliwa kwa ruhusa ya nani?"

"Wazee wangu," mkubwa wa mafundi bomba akaingilia, "mimi sina kesi na mafuta yenu. Saa nane na nusu hii. Saa kumi gari linaondoka. Hapo pamebaki hatua kumi na tano."

Wakaendelea kubishana. Ndipo wakasikia chuma kikigusa jiwe. Binti alikuwa ameshachukua jembe lililoegemezwa ukutani, amejipachika pale mtaro ulipoishia, tumbo hilo mbele, anainua jembe mara ya pili.

Hujapata kuona wazee wawili wakikimbia vile. Mmoja akashika jembe, mwingine akaenda stoo, akapigana na kufuli lake mwenyewe, akarudi na sururu. Mzee Hebu akaanza kutoka mtaroni kupanda juu, fundi akaanza mlangoni kushuka chini, wakutane katikati. Kila mmoja alikuwa anahesabu mapigo ya mwenzake.

"Mkwe, mbona sururu yako hailii?"

"Nimekutana na jiwe."

"Jiwe au kivuli?"

"Njoo ulishike basi!"

"Nikiondoka hapa utasema nimekimbia."

Jasho likawaingia machoni. Saa kumi kasoro dakika chache, jembe na sururu vikagongana chini ya udongo, na mafundi bomba wakaingiza bomba lao hata kabla wazee hawajatoka vizuri mtaroni. Wakafunga, wakakaza, mkubwa wao akateremka barabarani kufungulia. Bomba la mlangoni likakohoa upepo, likatema matope, likakohoa tena, halafu maji yakashuka.

Binti akaweka mkono chini ya hayo maji, akaacha tu yapite.

Nyuma yake wazee walikuwa wameshaanza kupima kwa miguu. Mzee Hebu akadai amechimba hatua tisa. Fundi naye akaapa amechimba tisa, na kwamba miguu ya mkwewe ni mifupi, ndiyo maana hesabu inakuwa nyingi. Wakarudi kupima upya kutoka mwanzo, kila mmoja macho kwenye viatu vya mwenzake, na binti akawaacha, akaingia ndani kutafuta sufuria kubwa.